Juno-60 au Juno-106 kwa harusi za Lamu?

Kaka, umeuliza uchukue kinanda gani cha sintesaiza, Juno-60 au Juno-106, kwa kundi lenu la harusi hapo Lamu. Mimi ningechukua 106, ila si kabla ya kuikagua. Zote mbili za Roland hutoa sauti sita kwa pamoja, na oseleta zake (sehemu zinazozaa sauti) huongozwa kidijitali, kwa hivyo joto la kaskazi haliziyumbishi tuni kama linavyoiyumbisha Minimoog, sintesaiza nyingine, ambayo nayo ni ya sauti moja tu. Ile 60 ya 1982 ni tamu, tena ina arpejieta (inayozipiga noti za kodi moja moja yenyewe), lakini haina MIDI, njia ya kuunganisha vinanda na kompyuta. 106 ya 1984 inayo, utaiunga na laptopu bila kuhangaika.

Ugonjwa wa 106 ni chipu za 80017A. Ziko sita, moja kwa kila sauti, zimefunikwa utomvu mgumu ambao ukizeeka huziua. Ukifika kwa muuzaji, iache iwake nusu saa, bonyeza kitufe cha Poly 1 ili sauti sita zipokezane zamu, kisha piga noti ile ile mara kumi na mbili, polepole. Ikiwa kila baada ya mapigo sita moja linakoroma au halitoki kabisa, chipu imekwenda. Shusha bei au ondoka.

Tazama na volti mgongoni: zilizotengenezewa soko la Japani ni za 100, umeme wetu ni 240.

Halafu chumvi. Yangu ilikaa Malindi kwenye dirisha la baharini miezi minne tu, slaida (vidhibiti vya kusukuma juu na chini) zikaanza kukwaruza. Siku hizi naifunika kwa kanga ya mama, naye bado anaitafuta.