Kutoka Vim kwenda VS Code: hama na vidole vyako

Mkuu, umeuliza kama mtu aliyezoea Vim, kihariri cha msimbo kinachoendeshwa kwa amri za kibodi, kwa miaka mingi atapoteza kasi akihamia VS Code, kihariri cha Microsoft chenye madirisha na menyu, maana timu yako mpya yote inaitumia na mipangilio ya mradi imeshaandaliwa humo. Mimi nilihama kwa sababu hiyohiyo, na mpaka leo natumia zote mbili. Kasi hutaipoteza, ila usimsikilize anayekwambia uanze upya na mausi na menyu.

Kasi ya Vim haitokani na terminali, lile dirisha la kuandikia amri. Inatokana na namna ya kuamuru: unataja kitendo, kisha unataja kitu kinachotendwa. ciw inabadilisha neno, di( inafuta kilichomo ndani ya mabano, dap inafuta aya nzima. Ukijua vitendo vichache na vitu vichache unaviunganisha upendavyo, huna haja ya kukariri kila amri. Hayo ndiyo vidole vyako vinayajua, na yanahamishika. Weka kiendelezi cha VSCodeVim, kinacholeta amri hizo ndani ya VS Code, kabla hujaandika hata mstari mmoja. Kama una mipangilio mirefu ya Neovim, tawi jipya la Vim, usiyotaka kuiacha, kipo kingine, vscode-neovim, kinachoendesha Neovim yenyewe kwa nyuma.

Kitakachokuudhi mwanzoni ni mikato ya kibodi inayogongana. Kwenye Vim, Ctrl+D inashusha nusu ukurasa. Kwenye VS Code inachagua neno linalofuata lililo sawa na ulilochagua. Amua mwenyewe nani apewe nini. Unaandika kwenye settings.json, faili la mipangilio ya VS Code, chini ya vim.handleKeys, mkato gani uachiwe VS Code. Mimi Ctrl+D nimeibakiza kwa Vim, kwa sababu gb inafanya ile kazi ya kuongeza kishale kwenye neno linalofanana. Ctrl+B nimeiachia VS Code inifungie na kunifungulia orodha ya mafaili pembeni. Halafu Caps Lock igeuze iwe Esc, na uigeuze kwenye mfumo endeshi ili ifanye kazi kila mahali. Bill Joy alipoandika vi, kihariri ambacho Vim ilitokana nacho, mwaka 1976, kibodi ya terminali ya ADM-3A aliyoitumia ilikuwa na Esc pale ilipo Tab leo, karibu kabisa na kidole, na mishale ilichorwa juu ya h, j, k na l. Sisi tumerithi amri zake bila kibodi yake.

Sasa nije kwenye sababu ya kweli ya kuhama. Wengi watakutajia ukamilishaji wa maneno, kwamba VS Code inajua funksheni zako zote. Hiyo haitoshi. Mwaka 2016 Microsoft, Red Hat na Codenvy walitangaza itifaki ya LSP (Language Server Protocol), inayomwezesha kila mwenye kihariri kupata maarifa hayo ya lugha, na Neovim inayo ndani yake tangu toleo la 0.5 la mwaka 2021. Kilichonibakisha mimi ni kusaka hitilafu.

Nilikuwa na mfumo unaopokea taarifa za malipo ya simu. Malipo machache yalikuwa yanaingia lakini hayamwoni mteja. Namba nyingine zilikuja zikianza na 07, nyingine 255, nyingine +255, na mahali fulani katikati zilikuwa zinasafishwa vibaya. Kwa mtindo wa zamani ningejaza print, amri ya kuchapisha thamani, kila kona, niwashe upya, nisubiri, nisome logi. Kwenye VS Code niliweka alama nyekundu ya kusimamisha pembeni ya mstari, nikaipa sharti: simama pale tu namba isipoanza na 255. Malipo mazuri yalipita bila kuguswa. Lile bovu lilipofika, programu ilisimama palepale, thamani ya kila kigeu ikiwa wazi upande wa kushoto, pamoja na mlolongo wa funksheni zilizoitana mpaka kufika hapo. Nikapanda ngazi moja, nikaiona funksheni iliyokata tarakimu. Ipo pia alama isiyosimamisha programu, inayochapisha tu ujumbe unaoutaka bila wewe kugusa msimbo, kwa hiyo hakuna print ya kusahau ndani ya mradi.

Vim inaweza haya pia. Kuna termdebug inayotumia gdb, zana ya kusaka hitilafu, na kwa Neovim kuna nvim-dap. Lakini kila lugha unaiunga mwenyewe, na mwenzako kwenye timu hawezi kukaa kwenye kompyuta yako akaelewa. Kwenye VS Code faili la launch.json, lenye maelekezo ya kuendesha na kusaka hitilafu, linakaa ndani ya mradi na timu nzima inalitumia. Kwa kazi ya pamoja, hilo kwangu lina uzito kuliko mengine yote.

Gharama ipo, na kubwa ni RAM. VS Code imejengwa juu ya Electron, maana yake unafungua Chromium nzima, kiini cha kivinjari cha Chrome, ili uhariri maandishi. Ukiwa na kompyuta ya GB 4, Docker, ile ya kuendesha programu ndani ya makontena, inazunguka na kivinjari kiko wazi, utaisikia. Zima viendelezi usivyohitaji kwa kila mradi, ondoa ile ramani ndogo ya kulia, na node_modules, folda za maktaba za JavaScript, ziweke kwenye files.watcherExclude ili VS Code isizifuatilie. Taarifa za matumizi zinazotumwa Microsoft unazizima kwa telemetry.telemetryLevel. VSCodium ni chaguo zuri kama unataka toleo lisilo na hayo, ila duka lake la viendelezi ni jingine na Remote-SSH ya Microsoft, kiendelezi cha kuhariri mafaili yaliyo kwenye seva ya mbali, hutaikuta humo.

Na Remote-SSH utaitaka, hasa ukifanya kazi kwa bando na mtandao unaoyumba. Vim ndani ya ssh, njia ya kuingia kwenye seva kwa terminali, inapeleka kila herufi kwenye seva na kuirudisha. Mtandao ukisita, na wewe unasita. Remote-SSH inakuacha uandike kwenye mashine yako, na faili la kwenye seva linabadilika ukihifadhi. Tatizo ni kwamba inasakinisha sehemu yake kule kwenye seva, na seva ya kukodi ya MB 512 inalemewa haraka. Huko ingia na Vim pamoja na tmux, programu inayoshikilia terminali yako kule kwenye seva, kazi itakusubiri hata mtandao ukikatika.

Ndiyo maana Vim usiiondoe. Na wanaokwambia ni ya kizamani, waambie waifungue bila faili lolote kisha waandike :help uganda. Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeitoa Vim mwaka 1991, alijitolea mwaka 1994 huko Kibaale, kusini mwa Uganda karibu na mpaka wa Tanzania, eneo lililoumizwa sana na UKIMWI. Programu aliigawa bure, akaomba anayeipenda awachangie watoto wa Kibaale. Alifariki Agosti 2023, na watu wa kujitolea wanaiendeleza hadi sasa. Inanigusa kila nikiuona ule ujumbe, kwamba jina la jirani zetu limekaa kwenye seva za dunia nzima.

Ujumbe wa kuhifadhi mabadiliko ya msimbo (git commit), faili la mipangilio ya nginx kwenye seva ya tovuti, logi kubwa: hayo bado nayafanya kwa Vim. Mradi wa timu nauandika kwa VS Code. Ukikwama kwenye handleKeys, bandika hapa settings.json yako na useme unatumia lugha gani, nitaiangalia.