Kombania dhidi ya batalioni: majeshi ya Ziwa Victoria, 1915 na 1916

Swali: Shikamoo mzee. Nafundisha historia sekondari hapa Nyamagana. Nikisoma habari za Waingereza kutua Bukoba mwaka 1915 na Mwanza mwaka 1916, upande wao nakuta brigedia jenerali, batalioni na vikosi vya kila aina. Upande wa Mjerumani ni "kombania" na namba yake tu. Wanafunzi wananibana: kwani Mjerumani hakuwa na batalioni? Na kwa Mwingereza nani alikuwa mkubwa, mwenye meli au mwenye askari?

Jibu: Marahaba mwalimu. Hakuwa nazo, na alikusudia hivyo. Kombania ni kikosi cha watu mia na kitu, batalioni ni kombania kadhaa chini ya makao mamoja. Mwaka 1914 jeshi la Wajerumani hapa lilikuwa na kombania 14, askari Waafrika wapatao 2,500 na Wajerumani kama 260, waliotawanywa nchi nzima. Ya 7 ilikuwa Bukoba, ya 14 Mwanza, ya 8 Tabora. Kombania moja ilikuwa na askari kama 160, Wajerumani kumi na kitu hadi ishirini, platuni tatu, bunduki mbili za rashasha na wapagazi wake yenyewe. Chini ya maofisa Wajerumani walikuwapo kina shaushi na ombasha, yaani masajini na makoplo Waafrika, ambao ndio hasa walioshikilia safu risasi zikianza kulia. Kombania ya namna hiyo inapigana hata wiki kadhaa bila kungoja amri wala chakula kutoka kwa mtu. Zikitakiwa nyingi kwa kazi moja, zilikusanywa chini ya afisa mmoja, kisha kila moja ikashika njia yake. Makao ya batalioni yangekuwa mzigo tu.

Juu yao, kwa upande wetu wa magharibi, alikaa Jenerali Kurt Wahle, makao yake Tabora. Hapa wanafunzi wako watacheka: Wahle alikuwa meja jenerali mstaafu aliyekuja kutembea, vita vikamkuta huku, akakubali kuamriwa na Lettow-Vorbeck, mkuu wa jeshi la Wajerumani huku, aliyekuwa luteni kanali tu. Tabora ilikuwa na reli, Mwanza haikuwa nayo bado, kwa hiyo chochote kilichotoka kwa Wahle kuja ziwani kilikuja kichwani mwa mpagazi. Amri zilikimbia zaidi, maana Mwanza na Bukoba zilikuwa na vituo vya simu ya upepo, yaani isiyo na waya.

Mwingereza alikuwa na tatizo jingine kabisa. Meli alikuwa nazo: Winifred, Nyanza, Usoga, Rusinga na nyinginezo, zote za Reli ya Uganda pale Kisumu, zikafungwa mizinga. Mjerumani alitegemea hasa kimeli kimoja, Muansa, ambacho Machi 1915 Winifred ilikikimbiza hadi kikakwama ufukweni, ingawa baadaye Wajerumani walikiokoa. Ila askari wa Mwingereza walikuwa wa kuokoteza. Bukoba, chini ya Brigedia Jenerali Stewart, walikwenda zaidi ya 1,500: vipande vya batalioni za Waingereza Loyal North Lancashire na Royal Fusiliers ya 25, Wahindi wa Punjabis ya 29, KAR ya 3 (King's African Rifles, askari Waafrika wa Mwingereza), pamoja na mizinga ya milimani. Nasema vipande kwa sababu si kila batalioni ilikwenda nzima. Ukisoma jina la batalioni usimpe mwanafunzi hesabu ya batalioni kamili, hapo ndipo walimu wengi hupotea.

Sasa meli na jeshi. Majini aliamuru afisa wa Jeshi la Maji, nchi kavu aliamuru jenerali, na hatari iko pale katikati, mtu akiwa mguu mmoja boti, mguu mmoja mchangani. Waliondoka Kisumu tarehe 20 Juni, wakatua tarehe 22 kaskazini ya mji, chini ya majabali, si bandarini walikongojewa. Tarehe 23 mji ukaanguka, mnara wa simu ukaangushwa, wakapora, wakapanda meli wakarudi. Huo ulikuwa uvamizi wa kuharibu tu, na jeshi lilipangwa hivyo: halikuandaliwa kukaa.

Mwanza, Julai 1916, Brigedia Jenerali Crewe alipanga kwa ajili ya kubaki. Kwanza Ukerewe ilichukuliwa mwezi Juni, ikawa kituo cha karibu. Kisha usiku wa kuamkia tarehe 12 Julai walitua Kongoro, mashariki ya mji, wakaja kwa nchi kavu. Wengi safari hii walikuwa Waafrika, wakiwemo KAR ya 4 na askari wa Uganda. Mzinga uliotolewa kwenye manowari Königsberg kule Rufiji ulikuwa umefikishwa Mwanza, lakini adui akija kwa mgongoni mzinga mzito ni wa kuacha. Tarehe 14 mji ulikuwa wao. Wajerumani walishatoka, wengine kwa maji kuelekea kusini mwa ghuba, wengine kwa njia ya Tabora.

Darasani chora mistari miwili ubaoni: mmoja Tabora hadi kombania, mwingine Kisumu ukigawanyika meli na askari. Namba za kombania nazo ziangalie tarehe kwanza. "Ya 14 Mwanza" ni mpango wa kabla ya vita. Vita vilipoanza nyingi zilihamishwa, hasa kupelekwa upande wa Kilimanjaro, kwa hiyo usiiweke ya 14 kwenye mahandaki ya mwaka 1916 kwa kuwa tu orodha ya 1914 inasema hivyo.