Kabla hujaipiga Fomu 34A muhuri wa "FEKI"

Wadogo zangu wa dawati la uhakiki, mazoezi yenu ya Fomu 34A, yaani fomu za matokeo ya kura za urais za kila kituo nchini Kenya, Agosti 2022, yana kosa lile lile la kila mwaka, basi tulinyooshe mapema.

1. Hifadhi kwanza. Posti ya mtandaoni yenye picha ya fomu hufutwa. Chukua kiungo, akaunti, saa na picha yenyewe.

2. Tafuta fomu ya asili. IEBC, tume ya uchaguzi ya Kenya, ilipakia fomu za vituo zaidi ya 46,000 kwenye tovuti yake, wazi kwa kila mtu. Msitafute kwa jina la shule: majina hujirudia, na shule moja huwa na vituo kadhaa. Tumieni nambari ya kituo. Tarakimu 3 za mwanzo ni za kaunti: Mombasa 001, Nairobi 047.

3. Jumlisha. Kura za wagombea 4 wa urais zilingane na kura halali. Ukiongeza zilizokataliwa, zisizidi waliojiandikisha.

Hapa ndipo mnapoharibu. Hesabu ikigoma, au tarakimu ikiwa imekatwa na kuandikwa upya, mbio mnaandika "feki". Jamani, polepole! Msimamizi wa kituo yuko kazini tangu alfajiri, na fomu anaijaza kwa mkono usiku. Kukosea kujumlisha ni jambo la kawaida. Fomu chafu yaweza kuwa halisi, na safi ikawa imepikwa kwenye kompyuta. Ziweke mbili, ya kwenye posti na ya IEBC, sambamba, uzikuze, ukague muhuri umeinamia wapi, saini ya wakala gani imevuka mstari, karatasi imekunjwa wapi. Vyote vikifanana isipokuwa tarakimu za mgombea mmoja, imechezewa. Vikifanana pamoja na kosa lenyewe, fomu ni halisi, na kosa hilo ni habari ya kuandikwa.

Aliyeiposti akiuliza "hesabu hii imekaaje?" ametumia haki yake ya Kifungu cha 33 cha Katiba. Sheria ya makosa ya mtandaoni ya 2018 iliweka faini ya hadi Sh5 milioni kwa anayechapisha uongo kwa makusudi. Mkimwita mwongo ilhali hakudanganya, mmempa anayetaka kumnyamazisha ushahidi wa bure.

4. Mkichapisha fomu feki, alama ya "FEKI" ipite juu ya tarakimu zenyewe; ya pembeni hukatwa, na picha ikarudi kusambaa.

5. Jumla za runinga kutofautiana si uongo. Runinga zilichota fomu kwenye tovuti ile ile, huku Raila akiongoza, kule Ruto. Ulizeni kwanza kila moja imeingiza fomu ngapi, na za kaunti zipi.