Maswali na Majibu: Bangi ni halali jimboni kwenu, lakini wewe una karatasi gani?

Tangu Ohio wapige kura ya bangi, barua hazikatiki. Zinazofanana nimeziweka kando, nikabakiza hizi. Ombi langu ni moja: ukiniandikia kuhusu bangi hapa Marekani, anza kwa kunieleza una karatasi gani. Raia, grini kadi (kibali cha ukaazi wa kudumu), ombi la hifadhi, viza ya masomo. Jimbo unaloishi nitauliza baadaye.

Bangi ni halali Ohio? Nina miaka 24, naishi Columbus.

Kwa sheria ya jimbo, ndiyo. Wapiga kura waliipitisha Novemba 2023, ikaanza kutumika tarehe 7 Desemba mwaka huohuo. Aliyetimiza miaka 21 anaruhusiwa kuwa na aunsi 2.5 za majani, yaani karibu gramu 70. Swali hili nimeshalijibu mara nyingi, na kila anayeuliza anasahau kutaja kama ni raia. Na wewe umesahau. Kama si raia, jibu lako liko kwenye barua inayofuata. Isome mpaka mwisho.

Shikamoo mwalimu. Nilikuja kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, nina grini kadi. Nafungasha mizigo kwenye kampuni ya bangi hapa Denver. Sivuti, sijawahi hata kuonja. Kampuni ina leseni na nakatwa kodi kila wiki mbili. Mwakani natimiza miaka mitano, nataka kuomba uraia. Kuna tatizo?

Marahaba mwanangu. Tatizo lipo, na afadhali nikuumize mimi leo kuliko uumizwe na afisa mwakani.

Colorado walipiga kura mwaka 2012, maduka yakafunguliwa tarehe 1 Januari 2014. Yote hayo ni kweli. Lakini uraia hautolewi na Colorado, unatolewa na serikali kuu. Na serikali kuu iliiweka bangi kwenye sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 1970, Kundi la Kwanza, safu moja na heroini. Mei 2024 Wizara ya Sheria ilipendekeza ishushwe hadi Kundi la Tatu, na wengi mkanipigia simu mkishangilia. Kundi la Tatu nalo limo ndani ya sheria ileile, na sheria ya uhamiaji inatazama orodha nzima. Kushuka kundi hakumwokoi mhamiaji.

Tarehe 19 Aprili 2019 idara ya uraia, USCIS, ilitoa mwongozo kwa maafisa wake: mtu aliyejihusisha na bangi, hata kwa kuajiriwa kwenye biashara yenye leseni ya jimbo, anaweza kuhesabiwa kuwa hana mwenendo mwema unaotakiwa kwa uraia. Mwaka huo wahamiaji wawili wa hapohapo Denver, mmoja wa Lithuania na mwingine wa El Salvador, walieleza hadharani jinsi kazi hiyo ilivyowakwamisha. Na kumbuka, machoni pa serikali kuu anayefungasha bangi ya kuuzwa yuko karibu na mfanyabiashara wa dawa za kulevya kuliko yule anayevuta msokoto mmoja nyuma ya nyumba. Wewe usiyevuta ndiwe uliye kwenye hatari kubwa zaidi.

Mimi hufanya ukalimani kwenye ofisi za mawakili. Kuna baba mmoja alikuja na bahasha ya kaki, akapanga mezani stakabadhi zake za mshahara, mwezi baada ya mwezi, zimebanwa kwa pini, hakuna hata moja iliyokunjika. Kwake ule ulikuwa ushahidi kwamba ni mchapakazi na mlipa kodi. Wakili alisoma jina la mwajiri kwenye ile ya juu, kajani kadogo ka kijani kamechapwa pembeni yake, akavua miwani. Ilinibidi nimtafsirie yule baba kwamba bahasha yake, aliyoitunza kama hati ya shamba, ndiyo inayomshtaki. Sitaki kufanya kazi hiyo tena.

Kwa hiyo usijaze fomu ya kuomba uraia, N-400, sasa. Fomu hiyo inadai waajiri wako wote wa miaka mitano, na huwezi kumficha mmoja. Tafuta wakili wa uhamiaji, si mjaza fomu wa mtaani, mweleze kila kitu, akushauri namna ya kuacha kazi hiyo na lini uombe. Wala usisafiri nje ya nchi kabla ya kumwona, maana unaporudi unaweza kuhojiwa upya uwanja wa ndege kana kwamba ndiyo kwanza unaingia. Na nyinyi mnaowatafutia wakimbizi kazi, someni jina la mwajiri kabla hamjamkabidhi mtu sare. Kazi ya dola chache zaidi kwa saa isije ikamgharimu mtu nchi ya pili.

Nafanya kazi Kansas City upande wa Missouri, nalala upande wa Kansas. Naweza kununua kule nikaja nayo nyumbani?

Hapana. Missouri waliiruhusu kwa kura ya Novemba 2022. Kansas hawaruhusu hata ile ya matibabu. State Line Road, ile barabara ya mpakani, unaijua: ukivuka tu barabara umeshavuka na sheria. Na msinijie na hoja kwamba majimbo yote mawili yanaruhusu. Ukitoka Washington kuingia Oregon na bangi, umeingia kwenye sheria ya serikali kuu, hata kama pande zote mbili yapo maduka. Pia someni vipimo vya mgeni: Illinois mkazi anaruhusiwa gramu 30, mgeni 15.

Mimi ni dereva wa malori, nina CDL, leseni ya magari makubwa. Daktari wa Illinois alinisaidia kupata kadi ya bangi kwa ajili ya mgongo. Kadi hii itanilinda nikipimwa?

Haitakulinda hata kidogo. Vipimo vya madereva wa malori makubwa ni vya Idara ya Uchukuzi ya serikali kuu, nayo haitambui bangi ya matibabu ya jimbo lolote. Mkojo ukionyesha bangi, umefeli, na mabaki yake hukaa mwilini siku nyingi baada ya kichwa kuwa kizima. Jina lako linaingia kwenye daftari liitwalo Clearinghouse, lililoanza Januari 2020, na kila kampuni inalisoma kabla ya kukuajiri. Tangu tarehe 18 Novemba 2024 jimbo lenyewe linatakiwa kukushusha daraja la leseni mpaka umalize taratibu za kurudi kazini: mtaalamu wa kukutathmini, mafunzo au matibabu, kipimo kipya, kisha vipimo vya kushtukiza. Gharama zake mara nyingi zinatoka mfukoni mwako.

Hamkuuliza, lakini nasema: vile vikopo vya mafuta ya CBD, yatokanayo na mmea wa jamii ya bangi, mnavyonunua vituo vya petroli mkiambiwa havina kilevi, vingine vinacho. Mpimaji hatakubali utetezi wa «nilidhani ni dawa ya mgongo». Ndugu zetu wangapi wamekopa lori, wana marejesho kila mwezi, halafu leseni inaondoka kwa kikopo cha mafuta?

Mama yangu ana miaka 68, anatibiwa saratani, kila akichomwa dawa anatapika mpaka anaishiwa nguvu. Jirani anasema tumpeleke dispensari ya bangi. Mama ana grini kadi.

Pole sana, na umpe mama shikamoo yangu.

Kwanza tuliondoe neno hilo. Kwetu dispensari ni zahanati: kuna nesi, kuna mizani, kuna dawa iliyoandikwa na daktari. Hapa neno hilohilo limebandikwa kwenye duka la bangi, na wazee wetu wanaingia wakidhani wako hospitali. Daktari wa Marekani haandiki cheti cha bangi kama anavyoandika cha dawa ya presha, kwa sababu Kundi la Kwanza haliandikiwi. Anachofanya ni kuthibitisha kwamba una ugonjwa uliomo kwenye orodha ya jimbo, nalo jimbo ndilo linatoa kadi. California ndio walioanza kuruhusu bangi ya matibabu mwaka 1996. Kwa mama, kadi hiyo ni karatasi yenye jina lake inayosema anatumia kitu ambacho uhamiaji wanakikataza.

Lakini msimwache ateseke. Mwulizeni daktari wa saratani kuhusu dronabinol. Ni kidonge chenye kemikali ileile ya bangi iliyotengenezwa maabara, kimeidhinishwa na serikali kuu tangu mwaka 1985 kwa ajili ya kichefuchefu cha tiba ya saratani. Kinaandikwa cheti, kinatolewa famasia ya kawaida, na chupa ina jina la mama na la daktari. Hicho ni halali majimbo yote. Siyo kila mgonjwa kinamfaa, na zipo dawa nyingine za kutapika, kwa hiyo daktari ndiye aamue. Nendeni mkalimani akiwepo. Hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kuwapa bila malipo, msikubali mjukuu wa miaka kumi ndiye atafsiri.

Niliwahi kuvuta mara mbili chuoni. Nikiulizwa kwenye mahojiano niseme sijawahi?

Usidanganye. Uongo kwa afisa ni kosa jipya, na mara nyingi ni baya kuliko lile unaloficha. Lakini pia usiende peke yako ukamwaga yote, kwa sababu kukiri kwa mdomo tu, bila kesi wala hukumu, kunaweza kukufungia mlango. Zungumza na wakili kabla ya siku hiyo. Kukaa kimya ni haki yako, ingawa kunaweza kuchelewesha ombi lenyewe, na wakili ndiye wa kupima. Mkumbuke na daktari wa vipimo vya grini kadi: naye anauliza juu ya dawa za kulevya, na anayoyaandika yanakwenda uhamiaji.

Nilikamatwa Houston mwaka 2017 na bangi kidogo, nikakiri, nikalipa faini. Nasikia Biden alishasamehe wote. Nina grini kadi.

Hakusamehe wote. Msamaha wa tarehe 6 Oktoba 2022 ulihusu kosa la kukutwa na bangi chini ya sheria ya serikali kuu na ya mji mkuu Washington. Kesi yako ni ya Texas, haimo.

Kwa uhamiaji, ulipokiri ukapigwa faini, hiyo ni hukumu, na hata jimbo likiifuta baadaye, kwa kawaida uhamiaji hawaifuti. Upenyo ni mmoja: kosa moja tu, la matumizi yako mwenyewe, gramu 30 au chini ya hapo, halikufukuzishi nchini. Lakini upenyo huo haukulindi vilevile ukisafiri ukarudi. Tafuta karatasi za mahakama zinazoonyesha uzito, uzipeleke kwa wakili.

Wanaokamatwa leo wamjue José Padilla. Mzaliwa wa Honduras, dereva wa lori, mwenye grini kadi kwa zaidi ya miaka 40, alipigania jeshi la Marekani Vietnam. Alikamatwa Kentucky na bangi kwenye lori. Wakili wake akamwambia asiogope uhamiaji, maana ameishi nchini muda mrefu. Akakiri, na kukiri huko ndiko kulikomfungulia mlango wa kufukuzwa. Machi 2010 Mahakama ya Juu iliamua kwamba wakili wa jinai anawajibika kumweleza mteja asiye raia hatari hiyo. Kwa hiyo kabla hujasema «nakiri» ili uwahi zamu ya usiku, mwulize wakili kwa sauti: hii itafanya nini kwenye grini kadi yangu?

Naweza kumletea dada yangu Mombasa pipi za bangi? Zinaonekana kama pipi za kawaida.

Hapana, na usimpe mtu mwingine akubebee.

Mimi nimeshaapa, ni raia. Bado kuna masharti?

Hongera. Uhamiaji hawakugusi tena kwa sababu hiyo, lakini mengine yapo. Mtumiaji wa bangi haruhusiwi na sheria ya serikali kuu kumiliki bunduki, na fomu ya kununulia silaha inauliza waziwazi. Nyumba za serikali zina masharti yake, na hifadhi za taifa ni ardhi ya serikali kuu hata zikiwa katikati ya Colorado. Pipi za bangi, kama unazo, zifungie juu, mahali mtoto hafikii. Mtoto akila, piga 1-800-222-1222 saa yoyote, na akishindwa kuamka au kupumua vizuri, piga 911.

Umeandika pia kwamba mkeo alifika mwaka jana kwa ombi lako. Yeye hajaapa. Kopo lako la bangi lisikae kwenye gari analoendesha yeye.