Maswali ya Wasomaji: Deni Linalozunguka katika Tamthilia ya Fargo

SWALI: Bwana Mhariri, asalaam aleikum. Mimi na shemeji yangu huitazama tamthilia ya Fargo kila Ijumaa baada ya sala ya isha, nyumbani kwake hapa Kisauni, na sasa tumekaribia kumaliza msimu wa nne. Shemeji anashikilia kwamba kila msimu una watu wake, mji wake na mwaka wake, kwa hiyo hakuna haja ya kukumbuka yaliyopita. Mimi nimeyasikia majina yakijirudia hata nikaanza kuyaandika daftarini. Je, misimu hiyo inahusiana, au natafuta undugu pasipo na undugu? — Msomaji, Kisauni

JIBU: Wa aleikum salaam. Shemeji yako amesema nusu ya kweli. Tamthilia hii iliyobuniwa na Noah Hawley, na ambayo ilianza kuonyeshwa Marekani mwezi Aprili 2014, hubadilisha kisa na waigizaji kila msimu, na mtu anaweza kuuanza msimu wowote asipotee. Hata hivyo, daftari lako limemshinda.

Mtazame Lou Solverson. Katika msimu wa kwanza, ambao mambo yake yanatokea katika mji wa Bemidji, Minnesota, mwaka 2006, yeye ni mzee mstaafu mwenye mkahawa, na binti yake Molly ndiye polisi anayeng'ang'ania kesi ambayo mkubwa wake angependa ifungwe. Mara moja moja mzee hugusia mauaji ya Sioux Falls ya mwaka 1979, kisha hunyamaza, kama wazee wetu wa barazani wanaojua zaidi ya wanavyosema. Msimu wa pili unatupeleka mwaka huo huo, Lou akiwa kijana na Molly akiwa mtoto mdogo. Kwa kuwa tunajua tayari kwamba hao wawili watasalimika, hofu yetu yote inamhamia mama yake Molly, anayeugua saratani, ambaye katika msimu wa kwanza hatukumwona kabisa. Katika msimu huo wa pili yumo pia Hanzee, muuaji anayeutumikia ukoo wa Gerhardt. Mwishoni anapewa jina jipya la Moses Tripoli, nalo ni jina la mkuu wa genge anayeuawa katika msimu wa kwanza. Aliyepitiwa na usingizi dakika mbili tu hapo hataliona fundo hilo.

Fundo ninalolipenda zaidi limo katika msimu mnaoutazama, kwa hiyo umalizeni kwanza ndipo msome aya hii. Katika Kansas City ya mwaka 1950, magenge mawili, la kina Cannon na la Waitaliano wa kina Fadda, yanabadilishana wana wadogo ili kila upande ulee mtoto wa mwenzake na amani idumu. Sisi tungesema wana hao wamewekwa rehani. Satchel Cannon anapelekwa kwa Waitaliano, na huko anayemtunza ni Rabbi Milligan, mwana wa genge la Kiayalandi ambaye naye aliwahi kubadilishwa vivyo hivyo alipokuwa mtoto. Baada ya majina ya wahusika kupita mwishoni mwa msimu, tunamwona mtu mzima ndani ya gari, naye ni Mike Milligan, yule jambazi mwenye maneno matamu wa msimu wa pili. Mtoto amekua, na jina alilolichukua si la baba aliyemzaa bali la mlezi aliyemkinga. Nakiri kwamba msimu huo una wahusika wengi kupita kiasi na kuna sehemu nilizozitazama kwa kujilazimisha, lakini picha hiyo moja ilinifanya niusamehe.

Ukitaka kinachoifunga misimu yote zaidi ya majina, fuata neno deni. Katika msimu wa kwanza, Stavros Milos, tajiri wa maduka, alijenga utajiri wake juu ya fedha za watu wengine alizozifukua katika theluji mwaka 1987, na anapotishwa kwa mapigo mfano wa yale ya Misri anaamini kwamba Mungu amekuja kudai chake. Anazirudisha pale pale alipozikuta, na bado mwanawe anakufa. Katika msimu wa tatu, Emmit Stussy anataka kurudisha dola milioni moja alizokopa, lakini mkopeshaji aitwaye Varga anakataa kuzipokea, akidai kwamba ule haukuwa mkopo bali uwekezaji, na kuanzia hapo kampuni si ya mwenyewe tena. Mdai anayekataa kulipwa ni wa kutisha kuliko mdai anayebisha mlango usiku. Emmit huyo huyo, kwa upande wa pili, anadaiwa na mdogo wake Ray, kwa kuwa zamani Emmit alimshawishi Ray achukue gari na kumwachia yeye Emmit stempu za marehemu baba yao.

Msimu wa tano, ulioanza mwezi Novemba 2023, unalitaja neno hilo waziwazi. Lorraine Lyon ametajirika kwa kampuni ya kukusanya madeni, naye Ole Munch, aliyekodiwa kumteka nyara mkwe wa Lorraine aitwaye Dot, anaonyeshwa Wales karne tano zilizopita akiwa mla dhambi, yaani maskini anayepewa chakula kando ya maiti ya tajiri ili azibebe dhambi za marehemu. Sisi tumezoea kusema dawa ya deni ni kulipa, na Munch anaamini hivyo hivyo. Ndiyo maana anarudi nyumbani kwa Dot kudai malipo ya jeraha ambalo Dot alimtia. Dot anamuuliza kwa nini lisisamehewe deni ambalo mtu hawezi kulilipa, kisha anamtia jikoni wakande unga wa vimkate ambavyo Wamarekani huviita biskuti, navyo si zile tunazochovya kwenye chai. Aliyelishwa dhambi za watu sasa analishwa chakula kilichopikwa kwa upendo. Mwambie shemeji aitazame sehemu hiyo bila simu mkononi.

SWALI: Kila sehemu inapoanza, maandishi husema kwamba hiki ni kisa cha kweli, kwamba majina yamebadilishwa kwa ombi la walionusurika na kwamba mengine yote yamesimuliwa kama yalivyotokea kwa heshima ya waliokufa. Mume wangu ameapa kwamba ni kweli tupu. Nani kati yetu anunue soda? — Mama wa watatu, Tudor

JIBU: Anunue yeye, dada yangu. Visa hivyo ni vya kubuni. Maandishi hayo yamerithiwa kutoka filamu ya Joel na Ethan Coen ya mwaka 1996 yenye jina hilo hilo, na hata filamu hiyo, majina yalipopita mwishoni, ilisema kwamba watu wake ni wa kubuni. Bibi zetu walikuwa waungwana zaidi, kwa kuwa kabla ya kuanza walituitikisha “hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea”, kila mtoto akajua anachokaribishwa. Fargo hufanya kinyume: huuita uongo kweli, na humo humo huonyesha hatari ya kuamini kilichoandikwa. Msimu wa tatu unaanzia Berlin Mashariki mwaka 1988, ambako afisa anamshikilia mtu kwa kosa la mwingine aliyewahi kuishi katika anwani yake. Mtu anakana, lakini karatasi za serikali zimekwisha kusema.

SWALI: Je, nianze na filamu au na tamthilia? — Kijana wa Likoni

JIBU: Anza na filamu, kisha fuata misimu kama ilivyotoka. Katika filamu hiyo mhalifu anafukia mkoba wa fedha kando ya ua mrefu uliofunikwa na theluji, na alama anayochomeka hapo ni kifaa chekundu cha kukwangulia barafu kwenye kioo cha gari. Sisi wa Mombasa hatuna kazi nacho, lakini ukikiona tena kimetundikwa ofisini kwa Stavros Milos kama kitu cha thamani, utajua fedha zake alizitoa wapi kabla hajafungua mdomo.