Kamba mweupe wa pangoni: kabla ya kumpa jina

Ndugu, kukosa macho na rangi hakuthibitishi kwamba kamba uliyemwona kwenye pango huko Malindi ni spishi mpya. Jamii nyingi za wanyama wa pangoni hupoteza vyote viwili. Tofauti itafute kwenye sehemu za kinywa na miguu, chini ya hadubini, ukimlinganisha na spishi zilizokwisha kuelezwa.

Kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kitangulie. Kisha mhifadhi katika ethanoli ya asilimia 95, uibadilishe kesho yake maana maji ya mwili huizimua. Formalini achana nayo, huharibu DNA. Ila ethanoli kali hukakamaza miguu ikakatika, kwa hiyo kamba wa kuchorwa waweke kwenye ethanoli ya asilimia 70. Lebo kwa penseli, wino huyeyuka. Holotaipu, yaani kamba mmoja tu anayebeba jina la spishi, akabidhiwe Makumbusho ya Taifa, Nairobi.