Cheti cha Mwanangu Kilivuka Mpaka, Mihuri Ikabaki Nyuma

Jumanne iliyopita usiku, nikikunja sare za shule, ujumbe uliingia kwenye simu. Ulitoka kwa dada mmoja Mkenya anayeishi Durban: "Dada, tumeasili binti huku, mahakama imeshatupa amri. Sasa mume wangu amepata kazi Nairobi na tunarudi Agosti. Hii amri itatambuliwa nyumbani, ama tutaanza upya?"

Niliweka sare chini. Swali hilo nilipaswa kuliuliza mimi mwaka 2021 nikiwa bado Johannesburg, na sikuliuliza. Tena lilinifikia katika wiki ambayo sitaisahau. Siku nne kabla yake nilitoka Nyayo House, kwenye ofisi za uhamiaji jijini Nairobi, na pasipoti ya Kenya yenye jina la mwanangu, kitabu kidogo cha buluu ambacho tumekitafuta miaka mitatu na nusu. Nilivuka Kenyatta Avenue nimekishika kifuani kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba chungu cha maji. Kwa hiyo namjibu hapa hadharani, kwa kuwa najua hayuko peke yake.

Habari za kliniki na madaktari nazipita. Waliopitia wanazijua, na wasiopitia hawatazielewa kwa aya moja. Mwaka 2017 tuliamua kuasili mtoto huko huko Afrika Kusini, tulikokuwa tumeishi miaka mitano. Afisa wa ustawi wa jamii alikuja nyumbani mara kadhaa. Alikagua jikoni, akakagua hati za mishahara, akatuuliza tuligombana lini mara ya mwisho na kwa nini. Majina yetu yalipelekwa kukaguliwa kwenye rejista ya watu wasioruhusiwa kukaa na watoto. Halafu tukaambiwa kuna mvulana.

Sheria ya kule inampa mama mzazi siku 60 za kubadilisha nia baada ya kutoa idhini. Siku 60 hizo nilizihesabu kwenye kalenda ya jikoni kwa kalamu ya penseli, kwa sababu sikuthubutu kutumia wino. Nilimwombea yule mama kila jioni, na sikujua niombe nini. Nikiomba abaki na nia yake, namwombea apoteze mtoto. Nikiomba abadilishe, napoteza mimi. Zilipokwisha nililia kwa ajili yetu sote wawili. Machi 2018 hakimu wa Mahakama ya Watoto alitia sahihi amri, akampa mwanangu kalamu ya rangi achoree nyuma ya karatasi chakavu. Jina alilopewa na mama yake mzazi tulilihifadhi, tukaongeza letu mwishoni. Sitaliandika hapa. Ni lake.

Ninaeleza haya yote ili uone nilikuwa na imani kiasi gani na ile karatasi. Niliitia kwenye bahasha ya plastiki. Rafiki zangu walipouliza Kenya itasemaje, nilijibu kwa kifua mbele: Mkataba wa Hague wa 1993, ule wa kuasili watoto kati ya nchi na nchi. Afrika Kusini ilijiunga 2003, Kenya 2007, na kifungu cha 23 kinasema kwamba mtoto akiasiliwa kwa kufuata Mkataba na hati ya uthibitisho ikatolewa, nchi nyingine wanachama zinamtambua moja kwa moja. Kifungu nilikijua kwa moyo. Sikuwa nimesoma kifungu cha 2.

Kifungu cha 2 ndicho kinachosema Mkataba unamhusu mtoto gani. Unamhusu mtoto anayehamishwa kutoka nchi moja mwanachama kwenda nyingine kwa sababu ya kuasiliwa. Sisi tulikuwa wakazi wa Johannesburg, mtoto alizaliwa Johannesburg, na akaja kulala chumba cha pili, Johannesburg. Kisheria tuliasili ndani ya nchi, kama wenyeji wengine wa pale. Tulipohamia Nairobi zaidi ya miaka mitatu baadaye, tulihamia kwa sababu ya kazi. Kwa hiyo ile hati ya kifungu cha 23 hatukuwa nayo, na hapakuwa na wa kutupa. Nchi zote mbili ni wanachama, na bado Mkataba ulitupita kando. Hili ndilo ningependa kila mzazi alikariri, maana mtandaoni watu wengi wanarudia "Hague, Hague" kama nilivyorudia mimi.

(Na kwa waliotuma maswali kuhusu Uganda na Tanzania: majirani hao hawajajiunga na Mkataba huo wa kuasili, kwa hiyo msipoteze wiki mkitafuta hati ya kifungu cha 23 kutoka huko.)

Tulitua JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, Desemba 2021. Afisa aligonga mihuri. Mimi na mume wangu tulipita kama wenyeji. Mwanangu, ambaye alikuwa amelala begani kwangu na mate yake yamelowesha kola yangu, aligongewa muhuri wa mgeni, wa miezi mitatu. Nilicheka wakati ule. Januari, tulipoanza kutafuta shule na ofisi zikaanza kudai cheti cha kuzaliwa cha Kenya ama kibali cha mtoto kukaa nchini, kicheko kilikatika.

Ofisi ya kwanza niliyoingia hapa mjini, karani aliipindua amri yetu mbele na nyuma, akakiangalia kile cheti kilichobandikwa juu yake, akaniuliza, "Mama, hii ni nini?" Nikamwambia ni apostili, cheti kinachothibitisha hati ya serikali ili ikubalike nchi nyingine bila muhuri wa ubalozi. Wakili wetu wa Johannesburg ndiye aliyetushauri tuichukue, tukailipia na kuisubiri. Karani akanijibu kwa upole kabisa kwamba hapa apostili haitumiki. Na alisema kweli. Apostili inatoka kwenye mkataba mwingine, wa 1961, ambao Afrika Kusini imo lakini Kenya ilikuwa haijajiunga. Hati inayokuja Kenya ilipaswa kupita njia ndefu: ithibitishwe na wizara ya mambo ya nje kule Pretoria kwa cheti cha nchi zisizo kwenye apostili, kisha ipelekwe kwenye Ubalozi wa Kenya hapo hapo Pretoria igongwe muhuri wake. Nyumba yetu ya zamani ilikuwa mwendo wa saa moja tu kutoka kwenye milango yote miwili. Ningeweza kuimaliza kazi hiyo bila kupanda ndege.

Ofisi ya pili ndiyo iliyoniumiza. Karani hakuifungua hata bahasha. Aliposikia neno kuasili na jina la nchi nyingine alisema mambo hayo serikali iliyasimamisha 2014, mtoto huyo nilimtoa wapi? Alisema kwa sauti, na foleni nzima ikageuka. Mwanangu alikuwa pembeni yangu anakula biskuti. Ni kweli kwamba Novemba 2014 Baraza la Mawaziri lilisimamisha wageni kuasili watoto wa Kenya, kwa hofu ya ulanguzi wa watoto, na hofu hiyo naiheshimu. Lakini katazo lile lilihusu watoto wa Kenya kutolewa na wageni. Wetu alikuja upande wa pili, mtoto wa kwingine aliyeletwa nyumbani na Wakenya. Sikuweza kulieleza hilo. Nilifunga midomo, nikamshika mkono mwanangu, tukatembea mpaka kituo cha Kencom bila kusema neno, na kwenye matatu akaniuliza, "Mama, yule baba amekukasirikia?"

Nimeambiwa nimsamehe yule karani. Nimejaribu. Kuna siku nafanikiwa.

Na nyumbani nako kulikuwa na yake. Pasaka ya 2022 baba mdogo wa mume wangu alisema mezani kwamba damu haihitaji mihuri, na kwamba kama serikali yenyewe haimtambui huyu mtoto, ukoo utamtambuaje. Mama mkwe alinyamaza muda, kisha akainuka, akampakulia mwanangu kipande cha kuku cha mtu mzima mbele ya wote. Hakusema lolote. Tangu siku ile, nikichoka na safari za mjini, huikumbuka sahani hiyo.

Wakili tuliyempata baadaye, mama mmoja mtaratibu mwenye ofisi ndogo karibu na Harambee Avenue, alitusomea mambo kwa utaratibu. Alisema tusitegemee Sheria ya Hukumu za Kigeni, Sura ya 43. Inataja nchi chache tu, kama Uganda, Tanzania, Zambia na Uingereza, na Afrika Kusini haimo. Njia yetu ilikuwa kwenda Mahakama Kuu, Kitengo cha Familia, Milimani, kuomba mahakama itamke kwamba inaitambua amri ya kule. Na kwa kuwa jaji wa Kenya hachukuliwi kuwa anaijua sheria ya nchi nyingine, sheria hiyo lazima ithibitishwe kama ushahidi mwingine wowote. Tulihitaji hati ya kiapo kutoka kwa wakili wa Afrika Kusini, akieleza kwamba huko mtoto aliyeasiliwa ni mtoto wa wazazi wake kwa kila hali, urithi ukiwemo. Hiyo hati ya kiapo, wapendwa, ndiyo iliyobeba kesi. Iombeni mapema, mkiwa bado mnaonana na wakili wenu ana kwa ana.

Mume wangu alirudi Pretoria na bahasha. Mihuri ikapatikana. Tukiwa tayari kuwasilisha, Sheria mpya ya Watoto ikaanza kutumika tarehe 26 Julai 2022 na kuifuta ile ya 2001. Wakili wetu akaturudisha nyuma, karatasi zikaandikwa upya zikiitaja sheria mpya. Miezi iliyofuata sina la kusimulia. Ni tarehe, kuahirishwa, tarehe nyingine.

Siku ya uamuzi jaji alisoma kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesoma orodha ya vitu vya dukani. Alitaja Kifungu cha 53 cha Katiba, kwamba maslahi ya mtoto ndiyo yanayotangulia katika kila jambo linalomhusu. Akasema mahakama inaitambua amri. Mwanangu hakuwepo, alikuwa shuleni akifanya mtihani wa hesabu. Nilimtumia mwalimu wake ujumbe: mwambie mama anakuja kumchukua leo, asipande basi.

Baada ya hapo mlango wa uraia ulifunguka kirahisi kuliko nilivyoogopa. Katiba ya 2010, kifungu cha 15(3), inasema mtoto asiye raia aliyeasiliwa na raia ana haki ya kusajiliwa kuwa raia akiomba. Soma tena hapo: ana haki. Nimeona wazazi wengi wanasimama dirishani wameinamisha shingo kama wanaomba msaada wa chakula. Nilikuwa mmoja wao. Ukiingia na amri iliyotambuliwa, uthibitisho wa uraia wako, na ombi lililojazwa vizuri, unadai kilicho chake. Inua kichwa, mtoto anakuangalia. Kama karani hajui, mwombe aite mkubwa wake, kwa heshima, na usiondoke mpaka ujibiwe kwa maandishi. Jibu la mdomo ni gumu kulithibitisha mahakamani. Mimi niliondoka mara ya kwanza mikono mitupu kwa sababu ya aibu, na aibu hiyo ilinigharimu miezi.

Na msimpeleke mtoto kwenye foleni hizo kama mna wa kumwachia. Alichosikia mwanangu siku ile, mimi ndiye niliyempeleka akakisikie.

Watu wameniambia nilikuwa na bahati. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nilikuwa na mume aliyekubali kupanda ndege kwa ajili ya muhuri mmoja, nilikuwa na mama mkwe na ile sahani yake, nilikuwa na kazi iliyoniruhusu kukosekana asubuhi. Mzazi asiye na hayo, na najua mnasoma, aanze mapema zaidi yangu. Hana miaka mitatu ya kupoteza.

Sasa dada wa Durban. Agosti iko mbali kiasi cha kutosha. Kesho nenda kwenye ile mahakama uombe nakala mbili za amri zilizothibitishwa, usitoe ile ya asili mkononi. Ukiambiwa apostili, waeleze hati inakwenda Kenya, na uulize kuhusu uthibitisho wa nchi zisizo kwenye apostili. Halafu Pretoria, milango miwili, kwa mpangilio ule niliousema. Mwambie wakili wako akuandikie kile kiapo cha sheria wiki hii hii. Ukifika Nairobi niandikie, nitakupa namba ya yule mama wa Harambee Avenue, na nitakusindikiza siku ya kwanza. Binti abaki nyumbani kwangu. Mwanangu ameshasema atamwonyesha pasipoti yake, mradi asiishike na mikono yenye siagi.